Bunia: Kwa nini kidonge bila pakiti yake ni hatari?

Katika kartiye Shari, kama kwingine mjini Bunia, mtoto akishikwa na homa usiku, mzazi hukimbia kwanza farmasi ya karibu. Ananunua vidonge vitano, sita, kufuatana na pesa iko mfukoni. Vinahesabiwa, vinatiwa ndani ya kasashe, basi. Jina la dawa halijulikani, wala tarehe ya kuisha.

Ituri inajua hatari ya mambo haya. Mwezi wa 12 mwaka 2014, wagonjwa walianza kufika hospitalini hali shingo zimekakamaa, uso umepinda, ulimi unatoka inje, macho yanatazama juu. Wengi walikuwa watoto. Waganga walifikiri ni menenjiti, juu ya ile ugonjwa pia inakaza shingo. Lakini vipimo vya maji ya uti wa mgongo havikuonyesha menenjiti.

Hadi mwezi wa 8 mwaka 2015, wagonjwa walipita 1.000, na watu 11 walikufa.

Jibu lilitoka katika maabara. Wagonjwa wengi walikuwa wamekunywa vidonge vidogo vya rangi ya njano, vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, dawa ya kutuliza na kuzuia degedege. Kumbe ndani yake mulikuwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Kwa mtoto, kipimo kikubwa cha haloperidoli kinavuruga amri ambazo ubongo unapeleka kwa misuli: shingo, uso na ulimi vinajikaza bila mtu kutaka. Mwezi wa 7 mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa onyo juu ya vidonge hivyo.

Sasa, kwa nini ilichukua miezi mingi? Sababu njo hii: diazepamu ilikuwa inapewa watu kwa magonjwa mbalimbali, hata homa. Kwa hiyo dalili mpya zilionekana kama mwendelezo wa ugonjwa wa kwanza. Hakuna aliyeshuku kidonge. Na mtoto akipewa tena kidonge kilekile, shingo inakaza tena.

Hapa njo pakiti inasaidia. Haiwezi kuthibitisha kwamba dawa ni ya kweli, kwani hata etiketi inaweza kudanganya. Lakini ina jina la dawa, kiwanda, namba ya loti na tarehe ya kuisha. Kwa namba ile, wakaguzi wanaweza kutafuta dawa zingine za loti moja na kuziondoa sokoni. Kidonge ndani ya kasashe hakina alama ya kufuata.

Bunia ina CADIMEBU, sentrali inayosambaza dawa muhimu kwa vituo vya afya. Lakini dawa zingine zinapita njia za wachuuzi, na huko ukaguzi ni mgumu.

Mzazi afanye nini? Uliza jina la dawa na uliandike. Omba kuona pakiti au chupa ilimotoka. Usimpe mtoto dawa iliyobaki kwa jirani. Mtoto akibadilika kiisha kunywa dawa, simamisha, umpeleke hospitali haraka, na ubebe vidonge vilivyobaki. Usivitupe: mwaka 2015, vidonge vya namna hiyo njo vilionyesha ukweli.