Kitanda Kipya Kikipasuka, Hasara ni ya Nani?

Baada ya mavuno, fedha za mahindi, pamba na tumbaku zinapoingia mifukoni, ndipo watu wengi wa Biharamulo na Ngara hununua vitanda, makabati na makochi. Wengine huagiza kwa seremala wa karibu, na wengine hufuata bei Kahama au Mwanza. Ni biashara nzuri kwa pande zote mbili, ila ina ugonjwa mmoja wa siku nyingi: mali inang'aa siku ya kununuliwa, na baada ya miezi mitatu inageuka kuni.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa kata ya Nyabusozi anafungua nyumba ya wageni. Anaagiza vitanda 10 vya mninga kwa sh. 250,000 kila kimoja, jumla sh. 2,500,000. Vinaletwa mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha, vimepakwa vanishi safi. Ifikapo Julai, kiangazi kimekolea, mbao zimepinda, viungo vimeachia, na chini ya kila kitanda kuna unga mweupe wa wadudu wanaobungua. Anarudi kwa muuzaji, naye anamwonyesha tangazo ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Je, mtaji huo ndio umekwisha? Hapana. Lakini kupona kwake kunategemea mambo machache ambayo kila mnunuzi na kila muuzaji anapaswa kuyajua.

KASORO HUANZIA KWENYE MBAO

Mbao ikitoka kwenye gogo ina maji mengi. Kwa samani za ndani ya nyumba, mafundi wazuri husubiri unyevu ushuke hadi kufikia kiasi cha asilimia 12. Mbao ikiundwa mbichi huendelea kukauka ikiwa tayari ni kitanda. Na kwa kuwa mbao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, ubao hupasuka na viungo hulegea. Wadudu nao hupenda sehemu nyeupe ya nje ya gogo, siyo moyo wa mti. Huenda mayai yao yalikuwamo ndani kabla vanishi haijapakwa.

Hili ni jambo kubwa kisheria. Kasoro ilionekana Julai, lakini ilikuwamo tangu Aprili. Muuzaji hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba siku ya kukabidhi kitanda kilikuwa kizima.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ilitungwa enzi za Waingereza kwa kufuata sheria yao ya mwaka 1893. Inaingiza masharti katika mauzo hata kama wahusika hawakuyatamka. Yanayotuhusu hapa ni matatu.

Kwanza, mali iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ukiambiwa mninga, ukapewa msonobari uliopakwa rangi, sharti limevunjwa. Pili, mali inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu anayefanya biashara ya mali hiyo iwe na ubora wa kuuzika. Tatu, ukimweleza muuzaji matumizi yako na ukategemea ujuzi wake, mali ifae kwa matumizi hayo. Kitanda cha nyumba ya wageni hulaliwa na watu tofauti kila siku, hivyo mwambie fundi mapema.

Wauza mbao nao wakumbuke kesi ya Arcos iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1933. Mbao za kuundia mapipa ziliagizwa ziwe na unene wa nusu inchi. Nyingi zilizidi kidogo, ingawa bado zilifaa kwa kazi ile. Mnunuzi aliruhusiwa kuzikataa, kwa kuwa hazikulingana na maelezo. Uamuzi huo hauwafungi mahakimu wetu, lakini fundisho lake linaeleweka hata sokoni kwetu: anayeuza "mbili kwa nne" auze mbili kwa nne.

Kuna tahadhari moja. Ukiikagua mali kabla ya kununua, huwezi baadaye kudai ubora mbovu kwa kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Mguu uliovunjika unaonekana kwa macho. Unyevu wa mbao chini ya vanishi hauonekani.

TANGAZO LA UKUTANI

Tangazo ambalo mnunuzi hakuonyeshwa kabla ya kulipa si sehemu ya makubaliano. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inamlinda mlaji, yaani anayenunua si kwa ajili ya kuuza tena. Inakataza maelezo ya kupotosha, na haki inazompa mlaji juu ya ubora wa mali hazifutwi na maandishi ya muuzaji. Mwenye nyumba ya wageni hauzi vitanda, anavitumia. Mwenye duka anayenunua kwa kuuza tena atategemea zaidi Sura ya 214 na mkataba wake.

KUCHELEWA KUNAGHARIMU

Sharti likivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa mali na kudai fedha yake yote. Hata hivyo, haki hii hupotea akishaipokea kisheria. Kupokea ni kumwambia muuzaji kwamba umeridhika, au kuitumia mali kama mwenyewe kwa namna isiyolingana na kuirudisha, au kukaa nayo muda kupita kiasi bila kusema kitu. Baada ya hapo kinachobaki ni kudai fidia tu.

Kwa hiyo siku unayoona unga au ufa wa kwanza, acha kukitumia kitanda, piga picha, na mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Ujumbe wa simu unafaa mradi uutunze. Sheria haikulazimishi kubeba vitanda 10 hadi dukani kwake, maana inatosha kumjulisha kwamba unavikataa. Akiomba kuvitengeneza, unaweza kukubali, ila andikeni tarehe ya mwisho na kwamba haki yako ya kuvikataa bado ipo.

FIDIA INAHESABIWAJE

Kipimo cha kawaida ni tofauti kati ya thamani ya mali ingekuwa nzima na thamani yake ilivyo. Kitanda cha sh. 250,000 kikibaki na thamani ya sh. 70,000, upungufu ni sh. 180,000, na kwa vitanda 10 ni sh. 1,800,000. Mapato ya vyumba vilivyofungwa yanaweza kudaiwa pia ikiwa muuzaji alijua tangu mwanzo kwamba vitanda ni vya biashara. Ndiyo sababu neno "nyumba ya wageni" liandikwe kwenye oda.

Uharibifu wa safarini ni suala jingine. Kwa kawaida hasara humfuata mwenye mali. Kama vitanda vimeshakuwa vyako na wewe ndiye uliyekodi lori, mguu ukivunjikia njiani kati ya Lusahunga na kwako, mzigo ni wako, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo.

KWA UPANDE WA MUUZAJI

Muuzaji mwaminifu naye ana kinga. Ataje aina ya mti, aseme kama mbao imekauka na imetiwa dawa, na aonyeshe kasoro anazozijua kabla ya kupokea fedha. Mali ya daraja la pili aiuze kwa jina hilo na kwa bei yake. Mwenye duka naye adai maandishi hayo hayo kutoka kwa karakana anakonunua, ili mteja akimrudia, yeye awe na pa kurudi. Asiye na maandishi hubaki katikati, akilipa kwa kosa la mwingine.

PA KWENDA

Anza kwa mazungumzo, ukiwa na risiti mkononi. Mkishindwana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya aina hii kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Malalamiko ya udanganyifu katika biashara yapelekwe FCC.

Kabla ya kulipa oda yoyote kubwa, hakikisha karatasi ina mambo haya: aina ya mti, vipimo, matumizi, bei, tarehe ya kukabidhi, nani anasafirisha, na muda wa garantii. Ikiwezekana bakiza sehemu ya malipo hadi kiangazi kipite. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya samani, daftari hilo ni karatasi moja tu, nayo ndiyo itakayoulizwa kwanza mbele ya hakimu.