Ikama ya Taifa Changa

Kupanga watumishi wa miaka ijayo huanza na kazi, si na watu. Taasisi hukadiria kwanza itakuwa ikifanya nini miaka mitano au kumi mbele, kisha huhesabu wataalamu ilio nao na kuwatoa watakaostaafu au kuhama. Pengo linalobaki huzibwa kwa kusomesha, kuajiri au kuazima. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kinachosumbua ni muda, maana daktari hapatikani kwa tangazo la nafasi za kazi pekee.

Tanganyika ilikutana na adha hiyo mapema. Mwalimu Nyerere alieleza kwamba Waingereza waliondoka wakiacha madaktari 12 na wahandisi wawili. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kilifunguliwa ndani ya jengo la chama cha TANU jijini Dar es Salaam, mtaa wa Lumumba wa leo, ukingoni mwa Kariakoo. Kilianza na sheria peke yake. Kwa nchi yenye uhaba wa madaktari uamuzi huo unashangaza, lakini Makerere, Uganda, tayari ilikuwa ikifundisha udaktari na chuo cha Nairobi uhandisi. Sheria ndiyo iliyokosekana.

Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, wa 1964, uliweka shabaha: kufikia 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa karibu fani zote. Wanachuo waligharamiwa na serikali, nao wakafungwa mkataba wa kuitumikia. Nafasi za sekondari zilipimwa kwa makadirio ya ajira, hivyo watoto wengi waliishia shule ya msingi. Hesabu ya namna hiyo huwaona wenye shahada na kuwapita wengine: fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyejifunza kuchomelea vyuma kwa fundi mwenzake, hamo.

Siku hizi kila ofisi ya umma huandaa ikama yake, yaani idadi ya nafasi na watumishi inaowahitaji, kila mwaka pamoja na bajeti, na bila kibali nafasi haijazwi. Hata hivyo orodha ya mishahara huonesha vyeo, si ujuzi. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa mara moja, na baadhi ya zahanati na ofisi zikapungukiwa na watu ambao hakuna ikama iliyotarajia kuwapoteza.