Isome Sarafu ya Fedha Kabla Hujaiuza

Katika makasha ya wazee wetu, chini ya kanga na hati za zamani, hukutwa sarafu kuukuu zenye vichwa vya wafalme wa Uingereza. Wengi wetu huziona kuwa ni za namna moja, na sonara akizitaka humpa zote kwa bei moja. Hilo ni kosa, kwani shilingi mbili zinazofanana kwa sura zaweza kutofautiana sana kwa madini.

Jambo la kwanza ni kusoma mwaka. Shilingi ya Uingereza ya mwaka 1919, na zile za karne nzima iliyotangulia, zilikuwa na sehemu 925 za fedha halisi katika kila sehemu 1,000. Bei ya madini hayo ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya nchi hiyo ilipunguza kiasi hicho hadi sehemu 500 mwaka 1920. Mwaka 1947 fedha iliondolewa kabisa, zikatumika shaba na nikeli.

Mwaka ukiwa umefutika, tazama kichwa. Malkia Victoria, aliyefariki 1901, na Mfalme Edward wa Saba, aliyefariki 1910, wamo katika sarafu za fedha nyingi. Kwa Mfalme George wa Tano, aliyetawala 1910 hadi 1936, ni shurti mwaka uonekane, maana enzi yake iliangukia pande zote mbili.

Tena, usiichanganye shilingi hiyo na ile ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, ingawa upande wa pili kichwa ni cha mfalme yule yule. Ya simba ina upana wa karibu milimita 28. Ya Uingereza haifiki 24. Lakini ukubwa usikudanganye. Shilingi ya simba ya 1921 hadi 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha, yaani gramu 2 hivi, hali shilingi ndogo ya Victoria ina gramu 5 na zaidi. Sumaku nayo haitoshi kuamua: haivuti fedha, wala haivuti mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Mwisho, tusizisugue. Shangazi yangu alizisugua zake kwa majivu ili zing'ae. Zilipong'aa, maandishi yalikuwa yamefifia, na mkusanyaji akakataa kuzinunua ila kwa uzito. Ioshe sarafu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushe kwa kitambaa laini, kisha uiweke katika bahasha ya karatasi. Andika juu yake mwaka, na jina la aliyekuachia. Siku ya shida ikifika, utakwenda kwa sonara ukijua ulichoshika mkononi, wala hutategemea hisani yake.