Hesabu za uwiano zinavyolinda jasho la mchimbaji mdogo

HESABU za uwiano, ambazo wengi huziacha darasani mara baada ya mtihani, ndizo zinazoamua kiasi cha fedha anachoondoka nacho mchimbaji mdogo wa dhahabu Nyarugusu mkoani Geita au Kahama mkoani Shinyanga.

Uwiano ni ulinganisho wa kiasi kimoja na kingine. Hutumika kwanza kwenye duara, mifuko ya mawe inapogawanywa baina ya mwenye leseni, mwenye duara na wafanyakazi.

Tuchukulie kuwa wamekubaliana uwiano wa 3:4:3 na mifuko iliyotoka ni 60. Jumla ya mafungu ni 10, hivyo kila fungu lina mifuko 6. Mwenye leseni atapata mifuko 18, mwenye duara 24 na wafanyakazi 18.

Hata hivyo, endapo mifuko 10 itatolewa kwanza kufidia gharama, itabaki 50 na wafanyakazi watapata 15. Uwiano haukubadilika, bali kiasi kinachogawanywa ndicho kilichopungua. Kwa sababu hiyo, suala la gharama halina budi kukubaliwa kabla ya kazi kuanza.

Baada ya mawe kusagwa na dhahabu kupatikana, uwiano hurudi tena kwenye mizani. Dhahabu halisi ni ya karati 24, hivyo yenye karati 18 ina usafi wa 18 kwa 24, yaani asilimia 75.

Mathalani, mchimbaji mwenye gramu 12 zenye usafi wa asilimia 85 ana gramu 10.2 za dhahabu halisi. Ikiwa gramu moja halisi inanunuliwa Sh300,000, anastahili Sh3,060,000 kabla ya makato. Mnunuzi akikadiria kwa macho na kudai usafi ni asilimia 80, malipo yatashuka hadi Sh2,880,000. Muuzaji atakuwa amepoteza Sh180,000.

Aidha, bei ya soko la dunia hutajwa kwa wakia, ambayo kwa dhahabu ni takriban gramu 31.1. Anayetaka bei ya gramu hugawanya bei hiyo kwa 31.1.

Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019 na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, lililenga kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi mahali pa wazi. Hata huko, ni vyema muuzaji apige hesabu mwenyewe kabla ya kupokea fedha: uzito mara usafi mara bei ya gramu, kisha aondoe makato.