Si Dhiki Iliyowaimbisha: Wasanii wa Arusha (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Siti binti Saad akirejea Unguja kutoka Bombay, alikokwenda mwaka 1928 kurekodi santuri za nyimbo za Kiswahili. Muuza vyungu huyo wa Fumba hutajwa kila mtu anapotaka kuthibitisha kwamba shida ndiyo humtoa msanii. Sikubaliani na hoja hiyo. Vyungu vilibebwa na wanawake wengi wa Fumba, wala hawakufika Bombay. Siti alipata wapigaji waliokubali kukaa naye chini na kumfunza, akapata wenzake wa kundi, kisha ikatokea kampuni ya santuri iliyokuwa ikitafuta soko Afrika Mashariki. Sauti ilikuwa yake; njia alisaidiwa kuipasua.

Leo tunapanda bara, hadi kwenye miteremko ya Mlima Meru, kwa sababu hoja hiyo inaonekana wazi zaidi huku kuliko Pwani. Nayaandika haya nikiwa Olmotonyi, kando ya barabara iendayo kwenye Chuo cha Misitu. Chuo hicho kimekuwa kikifundisha upandaji miti tangu mwaka 1937, na sijasikia mwalimu wake yeyote akidai kwamba mche hunawiri kwa kunyimwa maji. Lakini tukifika kwenye habari za wasanii, ndivyo tunavyosema kila siku: aliteseka, ndiyo maana akawa mkubwa.

Tuanze na shida yenyewe ilivyokuwa. Umaskini ulikuwapo, ila Arusha haikuupata peke yake. Kijana wa Ngarenaro, Unga Limited au Kijenge aliyetaka kuchana mistari katikati ya miaka ya 1990 alibanwa zaidi na umbali. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango wa redio binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na muziki wa vijana ukapata masikio. Masikio hayo, pamoja na studio zilizoyalisha, yalikuwa Dar es Salaam: kwa Master J, kwa P Funk, na kwenye maduka ya wasambazaji wa kanda. Kutoka Arusha hadi huko ni zaidi ya kilomita 600. Chalii wa Chuga, yaani kijana wa Arusha, alihitaji nauli, mahali pa kulala, fedha ya studio, na mtu wa kumfikisha kwa mtangazaji. Akifanikiwa kurekodi, msambazaji alimpa kiasi kimoja cha fedha, na baada ya hapo hesabu ya kanda zilizouzwa ilikuwa siri ya msambazaji. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja kuandika haki za msanii vizuri sana, kwenye karatasi.

Ndiyo maana machalii wa Arusha walijenga makambi. Msomaji wa Dar anaweza kudhani kambi ni jina la majivuno tu, kama jina la timu ya mtaani. Kwa hakika ilikuwa namna ya kuishi. Mwenye kinanda alikitoa kitumike na wote, mwenye chumba akakigeuza maskani ya mazoezi, aliyepata safari ya Dar akabeba na kazi za wenzake. Redio ya mjini, Triple A FM, ikawapa nafasi ya kusikika nyumbani bila kupita kwanza Kariakoo. Baadaye zikaja studio za hapa hapa, mojawapo ikiwa Noizmekah ya prodyuza Defxtro. Kila chombo kimoja kilichosogea karibu kiliwatoa vijana kadhaa kwa mpigo. Dhiki ilikuwa ile ile mwaka uliotangulia, na haikuwa imemtoa mtu.

Kundi la X Plastaz lilizaliwa katika hali hiyo mwaka 1996. Ziggy Lah, Faza Nelly na Gsan walianza kama vijana wengi wa zama zile, masikio yakiwa kwenye kanda za Marekani. Wangeweza kubaki hapo, wakawa kundi jingine la kuiga New York kwa lafudhi ya Kaskazini. Kilichowatenga na wengine ni kumchukua Merege, mwimbaji wa Kimaasai kutoka kijiji cha mbali kuelekea mpaka wa Kenya, na kuiweka sauti yake katikati ya wimbo badala ya kuifanya pambo la mwanzo na mwisho.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa jambo hili halielezwi ipasavyo. Uimbaji wa Kimaa, ule wa Wamaasai na wa ndugu zao Waarusha tunaoishi nao huku Olmotonyi, kwa asili hautumii ngoma. Mdundo hutoka kooni. Kiongozi, wanayemwita olaranyani, hutangulia na ubeti. Wenzake humjibu, na chini ya majibu hayo kuna sauti nzito zinazovutwa kifuani kwa pamoja, pumzi ndani, pumzi nje, ndizo zinazoongoza miguu ya wanaoruka. Maneno yenyewe mara nyingi ni majigambo: sifa za rika, za ng'ombe, za safari, vijembe kwa wasiothubutu. Sasa mtazame kijana wa Ngarenaro kwenye kijiwe. Hana ala. Mwenzake anampigia biti kwa mdomo. Anajisifu, anasifu mtaa wake, anamchokoza mpinzani, na kundi linaitikia. Wawili hao walikuwa wakifanya kazi ya jamii moja bila kufahamiana, na X Plastaz wakawakutanisha. Kwa hiyo muungano ule haukuwa kiraka. Biti ya Arusha ilikuwa imeshakaa mlimani muda mrefu kabla ya mashine kufika.

Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Out Here Records ya Munich, Ujerumani. Walizunguka majukwaa ya Ulaya na kufika hadi Brazil, wakichanganya mistari, sarakasi na kutema moto. Swali la haki linaweza kuulizwa, na mjini hapa limeulizwa: je, huo haukuwa utalii mwingine, shuka nyekundu na rungu kwa macho ya Mzungu? Mji wetu unakula kwa utalii, hivyo swali halikwepeki. Jibu langu ni kwamba jukwaa linaweza kuwa la kitalii na wimbo usiwe hivyo. Mtu anayeliita songi lake Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki hamtafutii mgeni picha ya ukumbusho. Anaijadili njaa na dini kwa Kiswahili, na mwenye kumwelewa ni jirani yake.

Machi 2006 Faza Nelly aliuawa. Kundi lilipoteza mmoja wa waasisi wake wakati jina lake lilipokuwa limeanza kufika mbali. Kwa kundi la watu wachache msiba wa namna hiyo aghalabu ndio mwisho. Gsan aliendelea, na mwaka 2009 akasimama Marekani katika duru ya kuchana ya tuzo za hip hop za BET, akichana Kiswahili mbele ya watu ambao wengi wao hawakuelewa neno. Hakubadili lugha ili aeleweke. Wapo waliofika majukwaa makubwa zaidi ya lile wakiwa wameiacha lugha yao uwanja wa ndege.

Njia nyingine kabisa ilishikwa na Abel Loshilaa Motika, Mr. Ebbo, mzaliwa wa Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mmaasai katika miji ya Tanzania alikuwa mlinzi wa usiku au kichekesho. Kiswahili chake kiliigizwa redioni na kwenye daladala kwa dharau. Mr. Ebbo aliichukua lafudhi ile ile, akaichania wimbo wa Mi Mmasai, na akawafanya wananchi wacheke pamoja naye, halafu wakajikuta wanamsikiliza mtu anayejivunia kwao. Ni hila ngumu, maana ukikosea kidogo umewaongezea silaha wanaokucheka. Yeye hakukosea. Kisha akafanya jambo ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko wimbo: alijenga studio Tanga, Motika Records, ili kijana wa Kaskazini-Mashariki asilazimike kufika Dar ndipo arekodi. Alifariki Desemba 2011, akiwa bado kijana, baada ya kuugua saratani ya damu.

Studio ya aina hiyo, iliyo wazi kwa wasio na kitu, ilikuwapo pia upande wa pili wa mlima, Imbaseni, jirani na Maji ya Chai. Walioianzisha ni wakimbizi wa kisiasa. Pete O'Neal alikuwa kiongozi wa Black Panther katika Kansas City. Baada ya kuhukumiwa mwaka 1970 kwa kosa la kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo, alitoroka na mkewe Charlotte kupitia Sweden na Algeria, wakatua Tanzania mwaka 1972. Walijenga, wakalima, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii cha UAACC. Watoto wa vijiji jirani walifundishwa Kiingereza, kompyuta na sanaa bila ada, kuta zikapakwa michoro, na vijana wa hip hop wa Arusha wakapata pa kurekodi na watu wazima wa kuwasikiliza. Huko huko ndiko alikoishi na kufariki, Juni 2011, Geronimo ji Jaga, mwenzao wa Black Panther, aliyekaa gerezani Marekani miaka 27 kwa hukumu iliyokuja kutenguliwa.

Charlotte, ambaye wote humwita Mama C, ni mshairi, mchoraji na mwanamuziki. Alijifunza nyatiti, zeze la Wajaluo lenye nyuzi nane, ambalo kwa desturi ni la wanaume. Mwanamke, tena mgeni, kulishika zeze hilo na kulipigia mashairi yake mbele ya machalii wa Chuga: hilo liliwapa somo ambalo semina haziwezi kulitoa. Nimesikia watu wakidai hip hop ni kitu cha Marekani tulichokiazima. Imbaseni kulikuwa na Wamarekani wawili waliokuwa wakiwahimiza vijana wetu washike ala za Kiafrika.

Matunda mengine msomaji anayafahamu, sitayarefusha. Nako 2 Nako Soldiers waliuingiza mtaa wa Ngarenaro katika jina lao. Nakaaya Sumari aliwachambua wanasiasa kwa wimbo wa Mr. Politician. Weusi, kambi iliyowakusanya Joh Makini, mdogo wake Nikki wa Pili, G-Nako, Lord Eyes na Bonta, ilihamishia Dar mtindo wa Kaskazini bila kuulainisha, na mwaka 2015 Joh Makini akamshirikisha AKA wa Afrika Kusini katika Don't Bother. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Nikki wa Pili kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Miaka ishirini kabla, mchana mistari alihesabiwa mhuni na wazazi wengi wa Arusha, na nadhani baadhi ya wazazi hao walisoma habari ya uteuzi ule mara mbili. Lugha nayo imesafiri: leo kijana wa Mbeya au Mtwara anasema "chalii" bila kujua kwamba anaongea Kiarusha cha mjini.

Jambo moja linanisumbua. Kazi nyingi za mwanzo za makambi yale hazikuuzwa kamwe. Zilirekodiwa kwenye kanda, zikapigwa redioni, zikarudi kwenye maboksi chini ya vitanda huko Sakina, Sombetini na Kijenge, na kanda huharibika kwa vumbi na unyevu. Jumba la Boma mjini lina makumbusho ya viumbe na historia. Chumba kimoja cha sauti hakingelijaza. Wenye kanda hizo wasizitupe. Wazinakili kwenye kompyuta sasa, waandike jina la kundi, mtaa na mwaka, na nakala moja waipeleke maktaba ya mkoa. Halmashauri ya Jiji nayo inunue mashine moja ya kunakilia na imlipe kijana mmoja wa kuiendesha. Juma lijalo tutavuka mpaka kwenda Nairobi, kwa Kalamashaka na vijana wa Dandora.