Sharti Kabla ya Kipuri: Utafutaji wa Hitilafu za Vipindi katika Redio za Ridhaa

Hitilafu za redio za ridhaa zinaweza kugawanywa katika makundi mawili kwa kuzingatia tabia yake mbele ya fundi. Kundi la kwanza ni la hitilafu za kudumu: fyuzi imeungua, transista imekufa, redio haiwaki. Hizi husubiri zipimwe. Kundi la pili ni la hitilafu za vipindi, ambazo hujitokeza na kutoweka, na aghalabu hutoweka pale kifuniko cha redio kinapofunguliwa. Makala hii inajadili kundi la pili. Hoja yake ni kwamba utafutaji wa hitilafu ya vipindi hauanzi na kipuri kinachoshukiwa, bali huanza na sharti linaloiamsha, liwe ni ukubwa wa mkondo, joto, mtikisiko au unyevu. Fundi asiyelijua sharti hilo hana namna ya kuthibitisha kwamba ametengeneza kitu chochote.

Sharti la mkondo ndilo linalosahauliwa zaidi, ilhali ndilo rahisi kuoneshwa kwa hesabu. Redio ya masafa mafupi yenye nguvu ya wati 100 hutumia takriban ampea 1 hadi 2 inapopokea, lakini hufikia ampea 20 hivi inaporusha mawimbi. Ikiwa kishikio cha fyuzi kimeingia kutu na kuwa na ukinzani wa ohmu 0.1, volti inayopotea hapo wakati wa kupokea ni 0.1 au 0.2, kiasi ambacho hakuna anayekiona. Wakati wa kurusha hupotea volti 2, na redio iliyokusudiwa kupata volti 13.8 hubaki na 11.8, yaani ukingoni mwa kiwango ambacho redio nyingi za aina hiyo huweza kuvumilia. Katika kishikio hichohicho huzalika joto la wati 40, ambalo linatosha kulainisha plastiki. Isitoshe, katika mawasiliano ya sauti ya ukanda mmoja wa pembeni, mkondo hupanda na kushuka kwa kufuata sauti ya msemaji. Hivyo redio huweza kujizima kwenye silabi zenye mkazo na kurejea msemaji anapovuta pumzi. Mwendeshaji ataripoti kwamba maikrofoni ni mbovu. Ripoti yake si ya uongo, ila inataja mahali hitilafu inapoonekana badala ya mahali inapokaa.

Multimita haisaidii hapa ikitumiwa kupima ukinzani. Nyaya zake zenyewe zinaweza kuwa na ohmu 0.1 au zaidi, na mkondo inaoupitisha ni mdogo mno kuweza kukisumbua kiungo kibovu. Kipimo kinachofaa ni cha volti zinazopotea kati ya upande mmoja na mwingine wa kila kiungo wakati redio inarusha kwenye mzigo bandia wa ohmu 50. Upimaji huo uanzie kwenye chanzo cha umeme na kuishia ndani ya redio, na waya hasi usiachwe, kwani mkondo uleule hupita humo pia.

Mzigo bandia una faida nyingine. Ukiwekwa mahali pa antena na hitilafu ikaendelea, antena na waya wake vinaondolewa katika orodha ya washukiwa kwa muda wa dakika chache. Hitilafu ikikoma, uchunguzi uelekezwe nje, hasa kwenye viunganishi vya waya wa antena vilivyoingia maji. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina chumvi, hatua hii inastahili kutangulia nyingine zote.

Sharti la joto lina utaratibu wake. Shaba, lehemu na bodi ya saketi havitanuki kwa kiwango kimoja. Kila redio inapowashwa na kuzimwa, kiungo kinachoshikilia kifaa kizito au chenye kupata moto huvutwa na kuachiwa, hadi ufa mwembamba wa mviringo unatokea kuzunguka mguu wa kifaa hicho. Redio huweza kushindwa ikiwa baridi na kupona ikipata joto, au kinyume chake. Mashine ya kukaushia nywele na kopo la gesi ya kupoozea, vikielekezwa sehemu ndogo moja baada ya nyingine, hupunguza eneo la utafutaji hadi viungo vichache. Kugonga kwa kijiti cha plastiki nako hufaa, ingawa mtikisiko husambaa kwenye bodi yote na huweza kumpeleka fundi pasipo penyewe.

Mfano unaofahamika vyema miongoni mwa wanaridhaa ni wa Kenwood TS-440S, redio ya miaka ya 1980. Saketi yake ya kuzalisha masafa inaposhindwa kujifunga kwenye masafa yaliyochaguliwa, kioo huonesha nukta badala ya tarakimu. Nukta hizo huja na kuondoka, na zina zaidi ya asili moja. Huweza kutokana na viungo vya lehemu vilivyochoka. Vilevile huweza kutokana na gundi nzito iliyomiminwa kiwandani juu ya sehemu za saketi hiyo ili zisitikisike, ambayo ikizeeka huharibika na kuziyumbisha sehemu zilezile ilizowekewa kuzilinda. Fundi anayelehemu upya bodi nzima anaweza kuipasha gundi hiyo joto, ikakauka, na redio ikafanya kazi kwa muda. Daftari lake litaandika kwamba tatizo lilikuwa lehemu, na atakayeisoma kumbukumbu hiyo atapotoshwa.

Kupona kwa namna hiyo ndiko hatari kubwa katika kazi hii. Hata kuchomoa kiunganishi na kukirudisha hukwangua kutu na kuficha ushahidi. Kwa hiyo, kabla ya kugusa lehemu, hitilafu iitwe kwa makusudi na iitike zaidi ya mara moja. Baada ya matengenezo, sharti lilelile lirudiwe nayo isiitike. Pasipo hayo, kumbukumbu iseme wazi kwamba chanzo hakijathibitishwa, hasa kwa redio inayotegemewa katika mawasiliano ya dharura. Mwendeshaji naye aandike saa, hali ya hewa, bendi, nguvu iliyotumika na muda uliopita tangu redio iwashwe. Hitilafu iliyoandikwa kwamba hutokea alfajiri tu, antena ikiwa imelowa umande, humwelekeza fundi juu ya paa kabla hajashika bisibisi.