Halali Ipo, Je na Twayyib Ipo? Tujifunze Kusoma Uso wa Pakiti

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhaanahu wa Ta'ala, na rahma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad:

Anayefika Muheza, mkoani Tanga, hupokewa na machungwa. Yamepangwa mafungu mafungu juu ya meza kando ya barabara, mengine yamejazwa kwenye viroba yakisubiri gari la Dar es Salaam au la Kenya. Mnunuzi hulishika chungwa, hulibonyeza, hulinusa, na akitaka hukatiwa moja aonje kwanza. Chungwa halina lebo, na wala halihitaji.

Hatua chache kutoka hapo, dukani, kuna boksi dogo la kinywaji lenye picha ya chungwa lililokatwa, linalong'aa kuliko chungwa lenyewe. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba kina vitamini C. Mtoto akiambiwa achague, huliacha tunda akanyoosha kidole kwenye boksi. Mzazi naye hulipa akiamini kuwa amemnunulia mwanawe matunda. Lakini ukiligeuza boksi la namna hii ukasoma maandishi madogo, aghlabu utakuta kinachoanza ni maji, kinachofuata ni sukari, kisha asidi, rangi na ladha. Chungwa lenyewe ni sehemu ndogo, na pengine halimo kabisa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao wengi wana jamaa zao Tanga na Muheza, hukutana na boksi la aina hiyo hiyo Darajani, Chake Chake na Wete. Na kila nyumba sasa ina mgonjwa wa kisukari au presha, au inamjua jirani mwenye maradhi hayo. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili: uso wa pakiti unatuongozaje tunaponunua chakula, na dini yetu inatufundisha nini juu yake.

Rundo la chakula katika soko la Madina

Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye bidhaa, yule bwana akajibu kuwa chakula kilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye.

Tuzingatie vizuri. Hakumwambia akitupe chakula kile wala hakumkataza kukiuza. Alichomtaka ni akiweke juu. Kilicholowa hakikuwa kimefichwa ndani ya sanduku lililofungwa. Yeyote aliyetia mkono angekigundua. Lakini si haki kumlazimisha mnunuzi achimbue rundo ndipo ajue kasoro ya anachokinunua.

Pakiti nyingi za leo zimepangwa kama rundo lile. Sifa ziko mbele kwa rangi na picha. Kiasi cha sukari, chumvi na mafuta kiko nyuma, kwa herufi za kuumiza macho, na mara nyingi kwa Kiingereza kitupu. Kikavu kimewekwa juu, na kilicholowa kimewekwa chini.

Uso wa pakiti unatufanya nini?

Mtu hasimami dukani kusoma. Ana mtoto mkononi, ana orodha kichwani, na katika mwezi wa Ramadhani anaikimbilia Magharibi. Huchukua anachokitambua kwa sekunde chache, na sekunde hizo hutawaliwa na yaliyo mbele: picha, neno kubwa na alama.

Ugumu ni kwamba maneno hayo mara nyingi ni ya kweli, lakini si ukweli wote. Chukua mafuta ya kupikia yaliyoandikwa kuwa hayana kolesteroli. Ni kweli, lakini mafuta yanayotokana na mimea kwa asili hayana kolesteroli ya kutiliwa maanani, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Chupa ya jirani isiyoandikwa hivyo nayo haina. Maneno yale hayakuongeza kitu ndani ya chupa. Yameongeza imani yetu tu. Vivyo hivyo biskuti iliyoongezwa vitamini: vitamini zimo, na sukari pia imo, ila iliyotajwa mbele ni moja tu.

Nchi zilizokiweka juu kilicholowa

Baadhi ya nchi zimeamua kuwa habari muhimu zihamie mbele. Nchini Chile, sheria iliyoanza kutumika Juni 2016 ilizilazimisha kampuni kubandika mbele ya pakiti alama nyeusi ya pembe nane, kama ile ya barabarani ya kusimamisha gari, inayosema kuwa bidhaa hii ina sukari nyingi, au chumvi nyingi, au mafuta mabaya mengi, au nishati nyingi. Bidhaa yenye alama hiyo ilikatazwa kuuzwa skuli, na pakiti yake ikakatazwa kuwekwa vikatuni vya kuwavutia watoto.

Watafiti waliofuatilia manunuzi ya familia za Chile walieleza mwaka 2020 kwamba ununuzi wa vinywaji vyenye alama ulipungua kwa takriban asilimia 24. Viwanda navyo vilipunguza sukari na chumvi katika bidhaa kadhaa ili vikwepe ile alama. Kwa hiyo hata asiyesoma pakiti alifaidika. Mexico nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2020.

Uingereza imechagua rangi za taa za barabarani, nyekundu, njano na kijani, na Ufaransa tangu 2017 inatumia herufi kuanzia A mpaka E. Lakini huko kote kuweka alama ni hiari, na jambo la hiari lina udhaifu wake: mwenye bidhaa nzuri hukimbilia kubandika, na mwenye kilicholowa hunyamaza. Kwetu sisi, bara na visiwani, bado hatujaona alama ya onyo kama hiyo ikilazimishwa. Kwa hiyo mzigo wa kutia mkono ndani ya rundo ungali juu ya mnunuzi.

Je, alama ya halali haitoshi?

Hili ndilo swali ambalo wazazi wengi wanajiuliza: ikiwa pakiti ina alama ya halali, si imeshamaliza kazi?

Jibu: Katika Suratul-Baqarah, aya ya 168, Allah (s.w.t.) amewaamrisha watu wale vilivyomo ardhini kwa sifa mbili, kiwe halali na kiwe twayyib, yaani kizuri. Alama ya halali inatoa ushahidi wa sifa ya kwanza: hakuna nguruwe, hakuna ulevi, na mnyama amechinjwa kisharia. Ushahidi huo una thamani kubwa na tunawashukuru wanaousimamia. Lakini haukuwekwa kupima sukari. Sukari ni halali, chumvi ni halali na mafuta ya alizeti ni halali. Boksi lenye vijiko kumi vya sukari litapata alama ileile ya boksi lisilo na hata kimoja.

Hatusemi kuwa soda au biskuti ni haramu. Kukiharamisha alichokihalalisha Allah ni jambo zito, na tumeonywa juu yake katika Suratun-Nahl, aya ya 116. Tunachosema ni kwamba kitu kilicho halali kwa asili kinaweza kumdhuru mtu maalumu, au kumdhuru kila mtu kikizidi. Suratul-A'raf, aya ya 31, inatupa ruhusa ya kula na kunywa na hapo hapo inatukataza israfu. Mgonjwa wa kisukari aliyekatazwa vitu vitamu na daktari mwaminifu, kisha akaendelea kwa hoja kwamba pakiti ina alama ya halali, ameitumia alama isivyokusudiwa. Na mwenye hali yake mahsusi amuulize sheikh wake pamoja na daktari wake.

Hesabu ndogo ya dukani

Geuza pakiti na utafute safu ya gramu 100, au mililita 100 kwa vinywaji. Usitegemee safu ya "kipimo kimoja", kwa sababu kipimo hicho hupangwa na kiwanda, na kinaweza kuwa biskuti mbili ilhali mwanao anamaliza pakiti nzima.

Sukari: kwa vipimo vya Uingereza, chakula chenye zaidi ya gramu 22.5 katika gramu 100 kina sukari nyingi, na chenye gramu 5 au chini yake kina kidogo. Kwa kinywaji, fanya hesabu ya chupa nzima. Kikiwa na gramu 10 katika mililita 100, chupa ya nusu lita ina gramu 50, yaani takriban vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na bora zaidi isizidi 25. Chupa hiyo moja imemaliza fungu la siku kabla ya chai ya jioni, na mtoto fungu lake ni dogo zaidi.

Chumvi: zaidi ya gramu 1.5 katika gramu 100 ni nyingi. Ikiwa imeandikwa sodiamu, zidisha kwa mbili na nusu upate chumvi. Kwa siku nzima mtu mzima anashauriwa asifikie gramu 5, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai.

Viambato: huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikianza. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, umeshajua unachokinunua. Na ujue kuwa glukosi, fruktosi, sukrosi na sharubati ya mahindi ni sukari kwa majina mengine.

Mzazi asiyesoma Kiingereza asione haya. Ampe pakiti mtoto wake wa skuli amsomee. Mtoto atapata somo, na huenda akairudisha biskuti rafuni kwa mkono wake mwenyewe.

Pasipo na pakiti

Tusisahau kwamba sehemu kubwa ya chakula chetu haina lebo: mafuta ya kupima, maandazi, chipsi, chai ya vijiko vitatu. Lebo haitatuokoa na haya. Hapa ni mkono wa mpishi na kijiko cha mnywaji. Chungwa la Muheza nalo halina lebo, lakini lenyewe ni ushahidi wake.

Na kwa ndugu zetu wafanyabiashara, wakiwemo akina mama wanaofunga ubuyu, achari na juisi majumbani, tunawausia: andikeni mbele, kwa Kiswahili, kilichomo na kiasi cha sukari. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Hakim bin Hizam (r.a.) kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Vyombo vyetu vya viwango na vya chakula, TBS kwa bara na ZBS na ZFDA kwa Zanzibar, navyo tunaviomba viliangalie suala la onyo la mbele ya pakiti. Kuweka juu kilicholowa ni mafundisho tuliyokuwa nayo karibu miaka 1,400 kabla ya Chile.

Tunamuomba Allah aturuzuku kilicho halali na twayyib, awaponye wagonjwa wetu, na awalinde watoto wetu. Aamiyn.

Wa-Allahu A'alam.